Tunataka kujenga tembe la kisasa ndani ya mteremko kule Mbulu, mama mzazi hataki kusikia. Naombeni uzoefu wenu

Mleta uzi:

Habari za muda huu wakuu. Uzi utakuwa mrefu maana jambo lenyewe nimelibeba karibu miaka 4 sasa, nyumbani tumelizungumza mpaka watoto wamelikariri.

Mimi ni Muiraqw wa Mbulu, kazi yangu udereva wa watalii, makazi Arusha, tumepanga. Mama watoto ni Mgogo, mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto 2. Marehemu baba aliniachia eka moja na nusu juu kidogo ya Mbulu mjini, eneo lote mteremko, kwa juu miamba, kwa chini mahindi na maharage. Kila fundi ninayempeleka pale anaanza na neno lilelile, "hapa lazima tusawazishe kwanza", yaani tukodi katapila, tukate kilima tupate uwanja, halafu tupandishe nyumba ya bloku na bati la msauzi kama zilivyo zote barabarani. Gharama ya kusawazisha peke yake ilinikausha mate.

Siku moja nimesimama pale juu peke yangu nikamkumbuka bibi. Bibi hakusawazisha kitu. Bibi alizaliwa ndani ya kilima kilekile.

Kwa wasiojua, tembe ni nyumba ya paa bapa la udongo, na Wairaqw wa zamani walikuwa wanachimba la kwao kwenye mteremko. Unaingia na jembe kwenye ubavu wa kilima, ukuta wa nyuma unakuwa udongo wenyewe, mbele unasimamisha miti na kukandika, juu unalaza mihimili, fito, majani, halafu unafunika na udongo mpaka paa linakuwa sawa na ardhi ya nyuma. Ukitokea juu huoni nyumba, unaona nyasi. Wazee wanasema ilikuwa namna ya kuficha watu na ng'ombe wakati wa kuvamiana na Wamasai, na mbuzi walikuwa wanapanda juu ya paa kula majani kama kawaida. Ng'ombe walilala humohumo ndani, joto lao linapasha nyumba, na Mbulu mwezi wa 7 usiku si mchezo wakuu, anayejua anajua.

Upande wa mama watoto nao wana tembe la Kigogo. Hilo halichimbwi sana, linakaa juu ya ardhi, refu lakini fupi kwenda juu, limezunguka ua wa ng'ombe katikati, paa bapa la udongo. Dodoma jua lile la mwezi wa 10 linapiga bati mpaka unasikia linalia ta ta ta, ila ukiingia ndani ya tembe ni kama umeingia kwenye kivuli cha mwembe. Kwa hiyo watoto wangu wana damu ya tembe pande zote 2, na wao wenyewe wamekulia chini ya bati la kupanga ambalo mvua ikinyesha hatusikilizani.

Ndoto yetu ni hii. Vyumba 3, sebule na jiko, nyuma tumeingia kwenye kilima, mbele wazi na madirisha makubwa yanatazama bondeni. Kuta za udongo wa palepale na mawe ya palepale. Paa lenye nyasi juu. Maji ya mvua yanavunwa. Umeme wa sola. Ila sitaki kudanganyana kwamba kila cha wazee kilikuwa kizuri, nataka tuchukue akili yao na tuongeze tunachojua leo.

Maswali yangu: kuna mtu amejenga au kukaa kwenye nyumba ya hivi? Maji na unyevu mnadhibiti vipi? Paa la udongo linabebwa na nini siku hizi ambapo miti ya kukata hakuna? Na la mwisho ndilo linaniuma zaidi, mama yangu mzazi hataki kabisa. Anasema alitoka kwenye shimo na hatarudi kwenye shimo. Karibuni.

Fundi Mawe:

Mkuu nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mwashi, mwaka wa 22 huu, kuta za kuzuia udongo nimejenga nyingi upande wa Lushoto na Same. Acha nikwambie mambo 2 tu, uzito na maji. Mengine yote ni mapambo.

Uzito. Udongo wenye unyevu mita moja ya ujazo ni kama tani 1.8, ukilowa sawasawa inakaribia 2. Ukiweka sentimita 30 za udongo juu ya paa, kila mita moja ya mraba inabeba kilo 540 hivi. Chumba cha 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, hapo una karibu tani 11 juu ya kichwa chako na watoto wako, kama mzigo wa Canter 3 zilizojaa umemwagwa juu ya paa. Bati lenyewe mita ya mraba ni kilo chache tu. Sasa fundi wa mtaani aliyezoea kenchi za bati ukimwambia weka udongo juu atakuwekea mbao zilezile za mbili kwa nne, na siku ya mvua kubwa ndiyo mtajua.

Maji. Ukuta wa nyuma uliozikwa unasukumwa, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo unavyosukumwa zaidi. Ukuta wa mita 2.5 udongo ukiwa mkavu unasukuma kama tani 2 kwa kila mita ya urefu. Maji yakijaa nyuma yake msukumo unazidi mara 2. Ndiyo maana unaona ukuta umekaa miaka 10 kiangazi na masika, halafu mvua moja kubwa unalala chini. Watu wanasema ukuta ulikuwa mbovu, kumbe waliziba maji yasitoke.

Kwa hiyo kabla hujawaza dirisha, waza mtaro. Mtaro mkubwa juu ya nyumba, mita kadhaa kutoka ukingoni, unakatisha mteremko na kupeleka maji pembeni yasifike kabisa kwenye nyumba. Halafu nyuma ya ukuta kokoto kuanzia chini mpaka karibu na juu, chini kabisa bomba lenye matundu lenye mwinamo, linatokea pembeni ya nyumba mahali unapopaona kwa macho. Ukuta wenyewe upake lami upande wa udongo, kisha nailoni nzito, ndiyo urudishie udongo kidogo kidogo.

Mleta uzi:

Fundi Mawe ubarikiwe. Hiyo ya Canter 3 nimemsomea mama watoto akanyamaza dakika nzima.

Swali, ukuta wa nyuma unashauri nini, mawe au zege la nondo? Mawe ninayo, kwa juu ni miamba mitupu.

Fundi Mawe:

Kama mawe unayo na wenye kujua kuyapanga wapo, jenga ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake. Chini unene uwe angalau nusu ya urefu wake, yaani ukuta wa mita 2.5 kitako kisipungue mita 1.25, unapungua ukipanda juu, na mgongo uegemee kilima kidogo. Na usiutumie kama ukuta wa chumba. Uache peke yake ushindane na kilima, wewe jenga ukuta wa nyumba mbele yake, katikati acha nafasi ya mtu kupita. Nafasi hiyo inakupa hewa nyuma ya nyumba na siku ukuta ukitoa jasho unaona mapema, haliji kitandani.

Au punguza kiburi cha kuchimba. Ingia mita 1.2 tu, nusu ya ukuta ichimbwe, nusu itoke juu, udongo uliotoa uurudishie pembeni kama tuta mpaka chini ya madirisha. Unapata ubaridi na joto karibu lilelile na injinia hakudai figo.

Binti wa Mvumi:

Kaka mleta uzi, shemeji yenu mimi, Mgogo kabisa, nimezaliwa kwenye tembe. Nimefurahi mtu kuliongelea tembe kwa heshima maana tumezoea kuonyeshwa kwenye picha za umaskini.

Lakini nikwambie kitu wanaume wengi wanasahau kwa sababu hawakulala sakafuni na watoto. PAPASI. Wale wadudu wanakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, mchana huwaoni, usiku wanatoka wanauma na kurudi kujificha. Homa ya papasi unaumwa siku kadhaa, inaacha, unasema nimepona, inarudi tena. Mama mjamzito ikimpata ni hatari, mimba inaweza kutoka, na vichanga ndio wanaumia zaidi. Dodoma tunaijua vizuri hiyo homa. Bibi zetu hawakuwa wachafu, walikuwa wanasiriba kila wiki, ila sakafu ya udongo lazima ipasuke.

Kwa hiyo usije ukafanya sakafu ya udongo mtupu kwa sababu umeona video ya mzungu. Weka sakafu ngumu isiyo na nyufa, pembe za ukuta na sakafu ziba kabisa, vitanda viwe juu. Na mifugo ikae banda lake. Lingine ni moshi. Mama yangu macho yaliharibika kwa moshi wa jiko la ndani, tembe halina dirisha la maana. Jiko weka upande wenye upepo na bomba la moshi litoke juu.

Mleta uzi:

Shemeji asante sana, hili mama watoto alikuwa ananiambia kwa namna nyingine, kwamba "mimi naogopa sakafu", mimi nikadhani anaongelea baridi. Jana nimemuuliza vizuri, akasema mdogo wake mmoja alikufa akiwa mchanga, na bibi alisema ni papasi. Miaka 11 ya ndoa sikuwa najua. Sakafu itakuwa zege, nimeshaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kijana wa Mjini:

Sasa mkuu una kazi, watalii wanakupa tipu ya dola, unarudi kujenga nyumba ya udongo? Watu watakuja msibani kwako waingie shimoni? Dunia inaenda mbele.

Mleta uzi:

Kijana nakujibu kwa heshima maana swali lako ni la mama yangu pia.

Bibi na babu walihamishwa kwenye tembe lao wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 70, wakapelekwa karibu na barabara. Mama alikuwa binti mdogo. Anasema waliambiwa nyumba bora ni ya tofali na bati, na kweli kulikuwa na shule pale, na zahanati, na bomba. Aliposoma, alipopata kibarua, bati lake la kwanza alinunua moja moja, kila msimu wa mavuno analeta 2 au 3, anaziweka chini ya kitanda mpaka zikatimia. Hayo mabati mpaka leo yapo. Mimi nikija na habari ya kuondoa bati ni kama namwambia ile kazi yote haikuwa na maana. Namwelewa na sitaki kumuumiza.

Ila udongo wenyewe haukumfanya mtu kuwa maskini. Mwaka 2022 tuzo kubwa kuliko zote za wasanifu majengo duniani, ile ya Pritzker, alipewa Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kuipata, na alianza kujulikana kwa shule ya msingi ya kijijini kwao Gando aliyoimaliza 2001, kuta zake ni tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na bati lake ameliinua juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati. Wanakijiji wenyewe ndio walibeba udongo na mawe. Sisi huku udongo tunao, mawe tunayo, wazee wenye ujuzi bado wachache wapo hai, halafu tunakopa hela kununua joto.

Mdau wa Xi'an:

Nipo China nasoma, mkoa wa Shaanxi, huku kuna kitu kinaitwa yaodong. Ni nyumba zilizochimbwa kwenye vilima vya udongo wa njano, mbele tao lenye mlango na madirisha ya karatasi au kioo, ndani chumba kirefu kama handaki. Mamilioni ya watu wameishi humo. Nilipelekwa kwa familia ya rafiki yangu wakati wa baridi, nje barafu, ndani tumekaa kwenye kitanda cha udongo ambacho moshi wa jiko unapita chini yake kukipasha. Nililala vizuri kuliko hostelini.

Lakini huku pia wana kumbukumbu mbaya. Mwaka 1556 tetemeko lilipiga hapahapa Shaanxi, inakadiriwa watu 830,000 walikufa, na wengi walikuwa ndani ya hizo nyumba, vilima vikawafunika. Nyie mpo Bonde la Ufa. Bukoba ilitikiswa 2016, Dodoma nayo inatikisika mara kwa mara. Usichimbe handaki bila nguzo. Paa lisitegemee udongo, libebwe na kitu kilichofungwa pamoja.

Mkazi wa Katesh:

Ndugu zangu naandika hili kwa uzito. Tarehe 3 Desemba 2023 sisi hapa chini ya mlima Hanang tuliamka na tope. Mvua ilinyesha, mlima ukaachia, tope na mawe na magogo yakaja mpaka mjini, na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mimi nilimpoteza jirani na wanawe. Nyumba za bloku zilisombwa, za tope zilisombwa, haikuchagua.

Siwezi kukwambia usijenge kwenye mteremko, Mbulu yote ni mteremko. Nakuomba tu kabla ya jembe la kwanza, panda juu. Nenda mpaka kileleni uone juu yako kuna nini. Kuna korongo linaloelekeza kwako? Kuna nyufa kwenye ardhi? Miti imeinama kwa chini halafu imenyooka kwa juu? Hiyo ni alama ardhi inatembea polepole. Kuna chemchemi inatokea masika tu? Waulize wazee majina ya hapo mahali, majina ya zamani yana siri. Na mteremko uliokatwa miti usiuamini.

Mleta uzi:

Ndugu wa Katesh pole sana. Nimesoma nikatoka nje kidogo. Siku ile nilikuwa na wageni Karatu, tulisikia redioni, nikapiga simu kwa binamu pale Katesh hazipokelewi mpaka jioni.

Nitafanya ulivyosema neno kwa neno. Narudi na majibu.

Mleta uzi (wiki 5 baadaye):

Wakuu nimerudi, nilikuwa kimya kwa sababu tulikuwa saiti, likizo ya shule familia nzima tulihamia kwa mama.

Kwanza nimepanda juu na mzee mmoja jirani, ana miaka 80 na kitu, tukazunguka nusu siku. Upande wa kushoto wa eneo langu kuna kijikorongo, sasa hivi kimejaa vichaka ila mzee anasema masika yenye nguvu kinateremsha maji. Kule nilikuwa nimepanga vyumba vya watoto. Nimehamisha ramani yote mita 40 kulia, pana mwamba uliotokeza kwa juu, ardhi ngumu, miti ya zamani imenyooka wima kuanzia kwenye shina. Na palepale mzee akanionyesha kishimo chenye nyasi ndefu, akasema hapa palikuwa na nyumba, sehemu ya mihimili ilioza ikaingia ndani. Waliokaa hapo walichagua kabla yangu.

Pili udongo. Tulichukua chupa ya plastiki, tukaweka udongo theluthi moja, maji, chumvi kidogo, watoto wakaitikisa mpaka mikono ikachoka, tukaiacha dirishani kwa mama siku 2. Mchanga ulitua chini kabisa, juu yake tope laini, juu kabisa mfinyanzi, na maji yakabaki meupe. Udongo wa futi ya juu ni wa shamba, mweusi, huo haufai. Wa chini ya mita moja ni mwekundu, una mchanga mwingi na mfinyanzi wa kutosha kushika. Nilifinya udongo huo uliolowa ukawa mkanda kati ya kidole gumba na cha shahada, ukafika kama urefu wa kidole ndipo ukakatika. Fundi wa tofali za kufungamana, zile za mashine ya mkono zilizosambazwa na watu wa utafiti wa nyumba bora, kauona akasema unafaa, saruji ndoo 1 kwa ndoo 12 mpaka 14, kushindilia, kuzitia kivulini na kumwagilia siku 7 bila kuruka. Hakuna kuchoma, hakuna kuni. Hizo ndizo zitakuwa kuta za ndani na za mbele.

Tatu, hili lilinifurahisha kuliko yote. Tulichimba shimo la mita 2, tukaingiza kipimajoto ndani na kufunika na mbao na udongo juu, kingine tukatundika kivulini nje. Binti yangu mwenye miaka 9 ndiye alikuwa mwandishi, anasoma asubuhi, mchana, usiku. Nje alfajiri tulipata 10, mchana 23. Shimoni siku ya kwanza 18, ya pili 18, ya tatu 18, mpaka akaniuliza baba hiki kipimajoto kimekufa? Tukakitoa juani kikapanda palepale. Akakirudisha mwenyewe. Mdogo wake anasema sasa anajua kwa nini ngiri analala shimoni.

Mbele ya nyumba itatazama kaskazini. Nimegundua kazini, mwezi wa 6 na wa 7 ambapo Mbulu ndio kunauma, jua la saa 6 mchana linakaa upande wa kaskazini, litaingia dirishani kama mita 1 ndani na kugonga sakafu ya zege, sakafu inashika joto mpaka usiku. Mwezi wa 12 jua linahamia kusini, mgongo wa nyumba ndio unapigwa, na mgongo ni kilima.

Paa tumeshusha matamanio. Mtarakwa ule wa wazee, ambao mchwa hauugusi, upo kwenye misitu ya hifadhi na hatukati. Injinia wa kuaminika tuliyempata anachora slabu nyembamba ya zege juu ya mihimili ya zege, udongo sentimita 15 tu, chini yake kokoto, nailoni na lami, na nyasi za asili zenye mizizi mifupi. Kaunganisha ukuta wote kwa mkanda wa nondo juu na chini kwa ajili ya tetemeko. Saruji itatumika zaidi ya nilivyoota, nakiri iliniuma. Ila tumekubaliana familia, zege liwekwe pale tu ambapo likikosekana mtu anakufa.

Binti wa Mvumi:

Shemeji hongereni. Na mama mkwe amesemaje?

Mleta uzi:

Dada hilo nilikuwa naliweka mwisho kwa sababu sijui nilielezeje.

Wiki 2 za kwanza hakuja saiti hata mara moja. Tunarudi jioni na matope anatupa maji ya kunawa, anauliza habari za shamba, za shimo haulizi. Siku moja mama watoto akawa anajaribu kusiriba kipande cha ukuta wa majaribio, mita moja kwa moja, anatumia mwiko, udongo unadondoka, anarudia unadondoka. Mama akatokea na fimbo yake. Akasimama. Akaangalia muda mrefu. Akasema, kwa Kiiraqw kwanza halafu kwa Kiswahili ili mkwewe asikie, "huo udongo una njaa."

Akaagiza mavi ya ng'ombe mabichi, majivu, na majani makavu yaliyokatwa fupi. Akavua viatu. Akakanyaga mchanganyiko mwenyewe, taratibu, ameshika bega la mjukuu, halafu akaufunika na gunia, akasema acheni mpaka kesho kutwa. Siku hiyo ilipofika akaja akalowesha ukuta kwanza kwa kunyunyiza na majani, akachukua tonge akalitupa, hakulipaka, alilitupa kwa nguvu likashika, ndipo akalivuta kwa kiganja kutoka chini kwenda juu kama anapaka mtoto mafuta. Alipomaliza akachora na vidole 3 mistari ya mawimbi pembeni. Nikamuuliza hiyo ni ya nini, akasema mama yake alikuwa anafanya hivyo kuzunguka mlango. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa na sijawahi kusikia habari hiyo.

Ukuta ule una wiki 3 sasa, hauna ufa hata wa kuingiza unywele.

Hajasema amekubali. Jana tu wakati wa chakula akasema chumba chake kiwe upande wa mwamba, dirisha liwe kubwa la kuona barabarani, na kile kipande cha mbele kabisa juu ya baraza tuweke bati, yale mabati yake. Injinia ameshaongeza baraza kwenye ramani.

Fundi Mawe:

Mkuu umenitoa machozi na mimi mtu mzima. Mvua za vuli zinakuja. Usiache shimo wazi.

Mleta uzi:

Nimekusikia fundi. Shimo la kipimajoto tumeshalifukia. Jumamosi tunaanza na mtaro wa juu, mita 8 kutoka ukingo wa nyumba, mwinamo tumepima kwa bomba la maji la plastiki, majirani 6 wamesema watakuja na majembe na mama anapika. Nyumba yenyewe itasubiri mpaka mwezi wa 6 udongo ukauke, tuone masika yote maji yanapita wapi. Aliyeko Mbulu, Haydom au Karatu mwenye mashine ya tofali za kufungamana ya kukodisha aje PM tuelewane.